Zuura na Mwanya wa Juu ya Ukuta

Ukifika Sari-Tektir ukaulizia nyumba ya Mederbek, watu watakuna vichwa kwanza. Ulizia nyumba ya Zuura, hapo hata mbwa watakuonyesha njia. Ni ile ya mwisho kabla ya daraja, yenye mlango wa buluu, ambamo mkwe na mama mkwe hucheka pamoja mpaka wapita njia wanasimama kusikiliza kama wanaochekwa ni wao.

Zuura alikuwa mpishi wa chekechea, mwanamke mnene wa miaka hamsini na ushei, mpole, asiyekosa swala. Mungu alimpa ulimi ambao haukuwahi kumuumiza mtu lakini haukumwacha mtu salama. Alipoolewa hapo, msichana bado, alikuta desturi ile ile ya kwetu, kwamba bibi harusi hawataji jamaa za mumewe kwa majina yao, awatafutie majina mengine ya heshima. Wenzake walisema "mzee mkubwa", "kaka mdogo", wakaishia hapo. Zuura alitoa majina yaliyoganda. Tashtan, binamu ya mumewe, fundi ambaye kazi yoyote ya paa huifanyia pale juu kabisa ili aonekane kutoka barabarani, akawa Bwana Kileleni. Mzee Osmonali, ambaye kwa umri wake hupewa kichwa cha kondoo kwenye kila karamu, akawa Mzee wa Kichwa. Na shemeji yake mkubwa, Keneshbek, aliyehamia mji mkuu, Bishkek, akasahau matope, akawa Kaka wa Lami. Kijiji kizima kiliyachukua majina hayo, na wenyewe wakajifanya hawayajui.

Mama mkwe wake, Bi Sayrakan, alipaswa kumkemea. Badala yake alikuwa akimvuta pembeni na kumnong'oneza, "Na yule wa duka, umemwita nani?" Basi tangu hapo wakawa wawili. Mzee wa nyumba alifariki, watoto wa Zuura walikua wakaoa na kuolewa, na hao wawili wakabaki na kicheko chao, na Mederbek katikati yao, mtu mkimya kama jiwe la kusagia.

Mwaka huo magoti ya Bi Sayrakan yalikataa. Nyumba ya zamani ina vizingiti virefu na ngazi za mawe, na kila akienda kutawadha ilikuwa safari. Mederbek, kwa kuwa ndiye kitinda mimba, na kitinda mimba kwetu ndiye anayebaki na wazazi, akaamua kumwongezea mama chumba ubavuni mwa nyumba, upande wa jua, sakafu iwe sawa na uwanja. Kuta zikapanda, za matofali ya udongo, nene. Ndipo Kaka wa Lami akapiga simu.

"Mederbek, hicho mnachojenga ni chumba au banda la kuku?"

"Ni chumba, kaka."

"Mama ni mtu mzima sana. Kwangu mimi mabomba ya moto yanapita ukutani, anakaa na gauni tu hata kwenye baridi ya mwezi wa kwanza. Sasa sikiliza. Theluji ya kwanza ikianguka, nakuja. Nitalala humo mwenyewe. Nikiamka pua yangu ina baridi, mama anapanda gari, na hapo hatubishani."

Mederbek hakuwahi kubishana na kaka yake tangu azaliwe. "Sawa, kaka," akasema.

Bi Sayrakan alikuwa amesikia yote, maana simu ya Mederbek inapiga kelele kama redio. "Ghorofa ya tano!" akasema. "Nikifa huko watanishusha na nini, kamba? Na asubuhi nani atanijulia hali, lifti?"

Wakacheka. Lakini Zuura alimwona mama akishika pindo la shali yake na kulikunja, na kulikunjua, na kulikunja tena. Kaburi la mumewe liko kilimani pale nyuma ya shule. Kuku wake wanamjua kwa sauti. Zuura akajifanya anachochea moto.

Wanawake wenzake kisimani hawakumwelewa kabisa. "Wewe Zuura huna akili. Wenzio wanaswali usiku mama wakwe wachukuliwe, wewe wako anachukuliwa bure unalia!"

"Mkimchukua yule," Zuura akajibu, "nitamcheka nani? Nyinyi? Nyinyi hamchekeshi."

Siku ya kuezeka ikafika. Kwetu huwa ni ashar: anayejenga anaita, kijiji kinakuja na nyundo zake, hakuna malipo ila shibe. Wanaume walijaa uani tangu asubuhi. Tashtan akapanda kileleni kama kawaida yake, akawa anapaza sauti kila gari likipita. Boriti za mti wa popla zikalazwa, mabati yakapigwa, dari ikatandazwa udongo uliochanganywa na majani makavu, na juu yake sufu ya kondoo.

Ikabaki kazi moja tu, ile ya kichwa cha ukuta. Pale ukuta unapoishia na boriti zinapolalia, kati ya boriti na boriti hubaki mwanya ambao mtu mwembamba anapenya mpaka chini ya bati. Hapo inatakiwa sufu ijazwe vizuri, ikutane na ile ya dari bila kuacha pengo, lakini isikazwe kama gunia, na chini ya bati ibaki njia ndogo ya hewa, bati lisije likatoa jasho na kudondoka. Hilo Sari-Tektir kila mtu analijua. Shida haikuwa kujua. Shida ni kwamba ni kazi ya kulala kifudifudi kwenye kona, vumbi puani, sufu mdomoni, na ukishamaliza hakuna anayeiona. Hajawahi kutokea mtu akasifiwa kwa kichwa cha ukuta.

Na hapo Zuura mwenyewe akakosea. Kwa furaha yake ya kuona paa limesimama, na kwa huruma ya mpishi, aliinjika nyama mapema mno. Harufu ikapanda mpaka kileleni. Tashtan akashuka. Wengine wakashuka. Wakanawa, wakala nyama na tambi na mchuzi, Mzee Osmonali akapewa kichwa chake, akakichambua taratibu kwa kisu kidogo, kila mtu kipande chake. Kisha akainua mikono.

"Nyumba hii iwe na joto, iwe na watoto, mlango wake usifungiwe mgeni. Amin."

"Amin," wakaitikia wote, wakapaka nyuso zao kwa viganja.

Basi, imekwisha. Maana dua ya baada ya kula ndiyo inayofunga kazi. Mtu akishika nyundo baada ya hapo ni kama anamwambia mzee kwamba dua yake haikutosha. Zuura akatoka na birika mkononi, akaangalia juu, akaona mbingu kati ya ukuta na bati.

"Jamani, na kule?"

Wanaume wakaangalia juu pia.

"Mimi nilijua anaziba Mederbek," akasema Tashtan.

"Mimi nilijua unaziba wewe," akasema Mederbek.

"Sasa, shemeji," Tashtan akasema huku akitafuta kofia yake, "amin imeshapita."

Wakaaga kwa heshima zote, wakaenda.

Asubuhi iliyofuata Zuura alisoma Bismillahi, akapanda ngazi mwenyewe. Mederbek mgongo wake ni mbovu tangu farasi amtupe, kulala kwenye kona hawezi. Zuura kichwa kilipita kati ya boriti, mabega yakapita, kiuno kikagoma. Akawa ananing'inia pale, miguu inatafuta ngazi.

"Usisukume!" Bi Sayrakan akapiga kelele kutoka chini. "Zuura, usisukume, utakihamisha chumba!"

Alishuka na sketi iliyochanika na pua nyeusi. Akakaa kwenye gogo, kwa mara ya kwanza bila neno la utani.

"Waite tena," akamwambia mumewe.

"Nitawaambiaje? Njooni mmalize mlichoacha? Nitawaaibisha. Na mzee ameshaomba dua."

Upepo wa bonde ukaanza, ule wa vuli unaoshuka kila alasiri kutoka kwenye barafu ya milimani na kutafuta shingo za watu. Ukaingia chumbani kupitia juu, ukazunguka, ukatoka na kipande cha karatasi. Zuura akakifuata kile kipande kwa macho. Bi Sayrakan, aliyemzoea, akasogeza kigoda chake karibu.

"Umepata nini?"

"Mama, si tunatakiwa kumshukuru Mungu kwa chumba kipya?"

"Tunatakiwa."

"Na wageni wa shukrani si hukaribishwa kwenye hicho hicho chumba kipya?"

Bi Sayrakan akaangalia juu kwenye mwanya, akaangalia bondeni, akafunika mdomo kwa shali.

Wakaanza maandalizi. Wanawake wa jirani wakaja kupiga sufu kwa fimbo mpaka ikawa nyepesi kama povu, wakaijaza kwenye magunia. Zuura akayapanga magunia nyuma ya mlango wa chumba kipya, na ngazi akaiegemeza nje, pale pale panapofaa. Mederbek akatumwa kualika. "Usiwaite kazini," Zuura akamwambia. "Waite kula. Saa ya alasiri."

"Kwa nini alasiri?"

"Nenda tu, baba."

Walikuja wamevaa vizuri, kofia ndefu nyeupe, bila hata msumari mfukoni. Zuura akawaingiza chumbani kwa adabu zote, akawatandikia mazulia, akawaweka wazee mahali pa heshima, mbali na mlango, ukutani. Mzee Osmonali akakaa katikati kabisa, mgongo kwenye ukuta, na juu ya kichwa chake mwanya ukipiga mluzi mdogo. Tashtan akakaa kushoto kwake.

Chai ililetwa. Ilikuwa imepoa kidogo.

Uani, sufuria kubwa ilikuwa motoni na kondoo mzima ndani yake, na kando yake Bi Sayrakan kwenye kigoda, blanketi magotini, ndoo ya maji baridi ya mfereji miguuni. Mchuzi ukianza kuchemka, yeye anamimina kikombe. Unanyamaza. Ukianza tena, kikombe kingine.

Zuura alikuwa na jambo moja lililomsumbua. "Mama, hii si dhambi?"

"Umemwambia mtu uongo?"

"Bado."

"Basi usimwambie. Mimi napika tu. Kila mtu na upishi wake."

Upepo ukashuka. Ukaingia kwa juu kama mtu aliyealikwa. Mazulia yakainua ncha. Mzee Osmonali akavuta kola. Baada ya kitambo Tashtan akatoka nje akijifanya anamwangalia farasi.

"Shemeji, nyama inaendeleaje?"

"Nenda kamuulize mama, ndiye aliye jikoni."

Tashtan akamwendea bibi. "Mama, imeiva?"

"Mwanangu," akasema Bi Sayrakan, "mimi sina meno. Kwangu mimi nyama yote ni ngumu. Nenda kakae, utashikwa na baridi huku."

"Baridi iko kule ndani!" akasema Tashtan, akajuta, maana alikuwa amelisema kwa sauti.

Ndani, chai ya pili ikaja, imepoa zaidi ya ile ya kwanza. Zuura akapita akimimina, mpole kama njiwa. "Karibuni, karibuni. Chumba chenu hiki, mmekijenga wenyewe. Jisikieni mko nyumbani."

Kofia ya Mzee Osmonali ikainuka kichwani, ikatulia kwenye goti la jirani. Mzee akaichukua, akaivaa, akaishika kwa mkono mmoja na bakuli la chai kwa mkono mwingine. Akageuza shingo taratibu akaangalia juu.

"Nani," akauliza, "aliacha tundu hili?"

Wote wakaangalia bakuli zao za chai.

"Tashtan, wewe ulikuwa juu."

"Nilikuwa juu kabisa, mzee. Hili ni la pembeni."

"Mederbek?"

"Mimi nilidhani..."

"Na mimi nikaliombea dua," akasema mzee. "Nimemwomba Mungu joto, na nyinyi mmemwachia Mungu dirisha." Akapiga chafya. Akaipiga ya pili. "Zuura! Nyama iko wapi?"

Zuura akasimama mlangoni, mikono mbele, macho chini. "Inachemka na kuacha, mzee. Sijui leo ina nini."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Alikuwa hajui leo ina vikombe vingapi.

Mzee akafikiri. "Leo bado hatujala," akasema polepole.

"Bado, mzee."

"Kwa hiyo dua bado."

"Bado, mzee."

"Basi mikono yenu iko wazi! Mnakaa mnatetemeka kama kondoo walionyolewa, mnasubiri nani? Sufu haipo?"

"Ile nyuma ya mlango," akasema Zuura kwa sauti ndogo sana, "si ndiyo hiyo?"

Walivua makoti mazuri. Tashtan, kwa kuwa ndiye mwembamba kuliko wote, akaingizwa kwenye kona aliyoikwepa, kifudifudi, na mzee akisimama chini kumwelekeza kwa fimbo. "Pale! Umeruka pale! Usikaze, hewa ipite chini ya bati. Kona ile, Bwana Kileleni!" Jina lilimtoka mzee bila kukusudia, na kutoka kule gizani ikasikika sauti ya mtu mwenye sufu mdomoni akisema kumbe hata wewe. Wakacheka mpaka mmoja akaangusha gunia. Wakazunguka kuta zote, boriti kwa boriti, na kwa mbao nyembamba wakafunika kwa nje ndege wasije wakaing'oa. Mluzi ukafa. Ghafla chumba kikawa na ukimya kama msikiti kabla ya swala.

Na nyama, kwa kudra za Mungu, ikaiva.

Mzee Osmonali alipoletewa kichwa chake alikitazama muda mrefu. "Zuura, kondoo huyu alikuwa na umri gani?"

"Alikuwa mdogo, mzee. Ila alikuwa mtiifu sana."

Macho ya mzee yakaenda kwenye ndoo tupu kando ya kigoda cha Bi Sayrakan. Mabega yake yakaanza kutikisika. Lakini alikula, na alipomaliza, kabla ya kuinua mikono, akaangalia juu, kona baada ya kona, zote. Ndipo akaomba.

Theluji ikaanguka, na Kaka wa Lami akaja siku hiyo hiyo. Kiti cha nyuma cha gari alikuwa amekitandika mito na blanketi jipya lenye maua. Zuura alipoyaona yale maua, akajua yamewekwa kwa ajili ya nani.

Mederbek akawasha jiko la kuni aliloweka chumba kipya, Keneshbek akalala humo, Bi Sayrakan akalala kwa Zuura. Asubuhi wakamsubiri kwenye chai. Akatoka amevaa koti, limefungwa vifungo vyote, na skafu.

"Je, kaka?" akauliza Mederbek.

"Baridi," akasema Keneshbek, akiangalia mkate.

Bi Sayrakan akaweka bakuli chini. "Njoo hapa."

Mwanaume mwenye mvi akamwinamia mama yake, na mama akaishika ile pua kwa vidole viwili kama pua ya ndama. Akaishikilia.

"Ina moto kama andazi," akasema. "Na nilipopita kukuamsha kwa swala ya alfajiri blanketi lilikuwa sakafuni. Tangu lini unanidanganya, Kenesh?"

Zuura alikuwa na neno tayari ulimini, la lami, zuri sana. Lakini Keneshbek alikaa chini na koti lake, akasema, "Kwangu kuna chumba, mama. Kimekaa kitupu. Watoto wamehama, mke wangu anarudi kazini jioni amechoka. Mdogo wangu ana wewe miaka yote hii. Mimi nina mabomba ya moto."

Zuura akalimeza lile neno. Sasa ndipo alipoogopa kweli. Upepo aliweza kuuziba, lakini hili hakuwa na sufu ya kulizibia.

Bi Sayrakan akalikunja pindo la shali yake mara moja, akaliachia. Kisha akasema, "Nipeni buti zangu."

Mederbek akamvalisha. Koti, shali kubwa. Akatoka akijikongoja kwenye theluji, akaingia garini mwenyewe, akakaa katikati ya mito yenye maua. Hakumwangalia Zuura. Keneshbek akawasha gari, likashuka barabarani, likapita daraja, likapotea nyuma ya popla.

Zuura alisimama uani bila shali. Alitaka kusema Alhamdulillahi, kama inavyotakiwa kwa kila hali, na midomo haikufunguka. Mederbek akaja akasimama karibu naye. Kuku wakaja pia, wakitazama njia.

Wakasikia gari kabla ya kuliona. Lilirudi kwa barabara ya juu, limezunguka kijiji kizima, honi ikilia mbele ya kila nyumba. Likasimama. Mlango ukafunguka, mguu mmoja ukatoka, ukatafuta ardhi.

"Nilitaka Mzee wa Kichwa anione," akasema Bi Sayrakan. "Alikuwa uani anafagia theluji. Nikampungia mkono kama mke wa waziri. Ameangusha ufagio!"

Keneshbek alikuwa ameegemea usukani, anacheka na kufuta macho kwa skafu.

"Huyu nimemwambia," mama akaendelea, akishika mkono wa Zuura ili ajivute, "mimi siendi popote, ila yeye aje. Siku za mapumziko anazo, na mke wake amlete. Tia kitanda cha pili humo. Na godoro nene, maana anageukageuka."

Zuura alikuwa analia na kucheka vyote kwa mpigo, pua imekuwa nyekundu.

"Unalia nini?" Bi Sayrakan akamvuta kuelekea kwenye chumba. "Ingia ndani ufunge mlango, joto linatoka."